Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ulinzi wa Tanzania: siri ya vita si siri ya bei

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, kwa Waheshimiwa wajumbe wa kamati ya Bunge inayoshughulikia ulinzi na usalama, na kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuomba bei za manunuzi ya jeshi ziwe wazi, nikiwa mwalimu mstaafu na binti wa askari. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa magari jeshini. Majeshi ya Nduli Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, baba aliondoka nyumbani na begi moja na sanduku la spana. Hatukumwona tena hadi katikati ya mwaka uliofuata. Alirudi amekonda, ana kovu la moto mkononi, na sanduku lake limepungua spana tatu. Moja kati ya zilizobaki, namba 19, ninayo mpaka leo, imeviringishwa kwenye kitambaa kilekile chenye harufu ya grisi.

Hakupenda kusimulia mapigano. Alichosimulia ni magari. Serikali ilikuwa imechukua malori na mabasi ya raia na ya mashirika ili kupeleka askari na shehena mpakani, na yalifika kule yakiwa ya kila kabila: hili la Mwingereza, lile la Mjapani, kila moja na nati zake, kila moja na fenibelti yake. Lori moja likizama kwenye matope, nyuma yake kinasimama kikosi kizima, na chakula chao, na risasi zao. Mafundi walilala chini ya magari. Spea ilitolewa kwenye gari lililokufa ikafungwa kwenye lililo hai, na ikikataa kuingia, ilichongwa kwa tupa mpaka iingie. "Mwanangu," aliniambia siku moja barazani, "saba saba, ule mtambo wa kurushia roketi, ilimtisha adui kweli, lakini bila lori la kuileta mbele ingekuwa bomba tupu."

Naanza na hayo ili mjue ninasimama wapi. Nataka jeshi imara. Nimekulia kwenye nyumba iliyolishwa na mshahara wa jeshi, na najua Aprili 1979 Kampala haikutekwa kwa maneno. Nakumbuka pia tulivyolipa. Vita ile inakadiriwa kuligharimu taifa dola milioni 500, na Mwalimu Nyerere alipotuomba tufunge mikanda kwa miezi 18, tulifunga, miezi ikaisha na mikanda ikabaki imefungwa. Mama alipanga foleni ya sukari tangu alfajiri. Tulifulia majani ya mpapai sabuni ilipokosekana. Sikumbuki mtaani kwetu mtu aliyesema jeshi linatunyonya, kwa sababu kila mmoja alijua fedha imekwenda wapi na kwa nini. Mwalimu alikuwa ametueleza mapema Novemba ile, redioni, kwa lugha ambayo hata bibi yangu aliielewa: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo.

Imani ile ndiyo ninayoiona imeliwa, na nitasema ililiwa lini.

Mwaka 2001 nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Ada ilifutwa, na Januari 2002 watoto wakamiminika kama maji ya mvua. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya 130. Walikaa chini, magoti kifuani, na kitabu kimoja cha kusoma nilikishika mimi mbele yao wote. Novemba 2001 Tanzania ilikuwa imefikia hatua ya mwisho ya mpango wa kusamehewa madeni kwa nchi maskini. Mwezi uliofuata, Desemba, Serikali ya Uingereza ikatoa kibali ili kampuni ya BAE Systems ituuzie rada ya kijeshi kwa takriban dola milioni 40, na fedha zenyewe zikiwa za mkopo wa benki.

Ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza, Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliipinga biashara ile akashindwa. Benki ya Dunia ililalamika. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, waliona mfumo ule ni ghali mno na hautoshelezi mahitaji ya ndege za kiraia. Hapa nyumbani wananchi waliouliza waliambiwa ni suala la ulinzi. Neno hilo likatosha kufunga mdomo.

Halafu, mwaka 2007, gazeti la Guardian la Uingereza likaeleza kuwa dola milioni 12 hivi za ile bei zilikuwa zimelipwa kwa njia ya siri kwa wakala wa biashara hiyo. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano anaiweza: karibu theluthi moja. Sisi tumezoea kulia na teni pasenti. Hii ilikuwa karibu pasenti thelathini. Desemba 2010 kampuni ilikiri kwenye mahakama ya Southwark, London, kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Jaji alisema bayana kwamba ni vigumu mno kuamini yule wakala alilipwa fedha zote zile kwa kazi ya ushawishi wa kawaida. Hapa kwetu hakuna kiongozi aliyetiwa hatiani kwa ajili ya rada.

Fedha zililipwa mwaka 2012, wananchi wakaziita chenji ya rada, na zikapangwa kununua vitabu vya kiada na madawati. Siku vitabu vilipofika shuleni kwetu nilikuwepo. Nilikata kamba za maboksi kwa wembe, na wanafunzi wa darasa la sita wakavibeba vitano vitano kifuani hadi ofisini. Vilikuwa bado vinanuka wino. Nilifurahi kama mwalimu yeyote. Usiku ule sikulala, nikiwawaza wale 130 wa mwaka 2002. Walikuwa wamekwisha kumaliza la saba. Wengi hawakuendelea. Chenji yao ilichelewa miaka kumi.

Kuna jambo jingine kuhusu rada ambalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliingia mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa rada nne za kuongozea ndege za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa shilingi zaidi ya bilioni 60. Kwa viwango vya wakati ule ni kama dola milioni 30 kwa rada zote nne. Najua rada ya jeshi na ya kiraia si kitu kimoja, na najua teknolojia hushuka bei kadiri miaka inavyokwenda. Hata nikiyaweka yote hayo kwenye mizani, bado sipati maelezo ya kwa nini moja ilizidi nne. Maelezo ninayoyajua ni moja tu: bei ya zile rada nne ilijadiliwa hadharani, bei ya ile rada moja ilifunikwa.

Ndiyo maana nawaomba, Waheshimiwa, mtenganishe vitu viwili ambavyo kwa miaka mingi vimefungwa kwenye bahasha moja. Kuna siri ya vita: idadi ya risasi zilizoko ghalani, mahali kikosi kilipo, umbali ambao mtambo unaona, namna askari watakavyosogea siku adui akivuka mto. Hizo zifungeni, na mtu akizitoa ashitakiwe. Kuna kitu kingine ambacho ni bei. Bei ya buti, ya unga wa ugali wa kambini, ya matairi, ya ujenzi wa nyumba za askari, ya mafuta, na ada ya wakala kama yupo. Adui akijua tulinunua buti kwa shilingi ngapi hapati pa kutupiga. Anayeogopa bei ijulikane ni yule aliyeipandisha.

Mkichanganya viwili hivyo, gharama yake inalilemea jeshi lenyewe. Mnakumbuka Meremeta, ile kampuni ya dhahabu ya Buhemba iliyohusishwa na jeshi. Mwaka 2008 wabunge walipotaka maelezo ya fedha zake, Waziri Mkuu wa wakati huo alisema bungeni kuwa hatalizungumzia suala hilo kwa kuwa linagusa jeshi na usalama wa taifa. Inawezekana alikuwa na sababu njema. Lakini mtaani, tangu siku hiyo, jina la jeshi na jina la kampuni yenye utata vikatajwa kwa pumzi moja, na askari wa kawaida ambaye hajawahi kuuona hata unga wa dhahabu akabeba aibu isiyo yake. Baba alikuwa hai bado. Alizima redio akaenda kulala bila kula.

Sasa niseme juu ya ulinzi wenyewe, maana mtu anaweza kudhani mwalimu mzee anataka fedha zote ziende kwenye chaki.

Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani huko Semuliki, wilaya ya Beni, Kivu Kaskazini, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa jioni na vita vikaendelea kwa saa nyingi. Vijana wetu wasiopungua 14 waliuawa, na makumi wakajeruhiwa. Umoja wa Mataifa ulipochunguza, ulieleza kuwa misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwaokoa, na kwamba kulikuwa na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi. Misheni ile ilikuwa ya Umoja wa Mataifa na siwatwishi ninyi mzigo wake wote. Ninachosema ni kwamba wale hawakuuawa kwa kukosa chombo kikubwa cha kupitishwa mbele ya jukwaa la heshima. Walikosa helikopta ya kufika usiku, barabara iliyo wazi, na mtu wa kuwaambia mapema kuwa wanasogelewa.

Oktoba 2020 wapiganaji waliotokea Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka mto Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Wakaua, wakachoma nyumba. Mto ule una urefu wa mamia ya kilomita na wakazi wake wanavuka kwa mitumbwi kila siku, kuoana, kuuziana, kuzikana. Kuulinda ni kazi ya boti ndogo zenye mafuta, redio zinazoshika mawimbi, askari anayejua Kimakonde, na mwenyekiti wa kijiji anayeamini kuwa akipiga simu usiku watu watakuja. Hakuna wakala wa Ulaya atakayekuja hotelini Dar es Salaam kuwauzia hayo, kwa sababu hayana theluthi ya kugawana.

Na kuna yale yaliyo nyumbani kabisa. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka kwenye ghala la kambi ya Mbagala. Tukaahidiwa kuwa hayatatokea tena. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20. Dada yangu alikuwa akiishi Ukonga wakati huo. Alitembea kwa miguu usiku kucha akiwa na watoto wawili wa kwake na mmoja asiyemjua, aliyemkuta barabarani analia, mguu mmoja una ndala na mwingine mtupu. Alimkabidhi mtoto huyo Uwanja wa Uhuru asubuhi, ambako maelfu ya waliokimbia walikuwa wamekusanyika na kina mama wanaita majina ya watoto wao. Makombora yaliyotengenezwa kumlinda raia yalimfuata raia kitandani.

Kambi zile zilijengwa kabla ya nyumba, nalijua hilo, mji ndio uliozifuata. Lakini kukagua risasi zilizozeeka, kuziharibu kwa utaratibu, na kuhamishia maghala mbali na watu ni matumizi ya ulinzi kama yalivyo manunuzi ya ndege. Hayakatiwi utepe. Hayapigwi picha. Kwa hiyo kila bajeti ikibana, ndiyo yanayosubiri mwaka ujao. Hapo ndipo ubadhirifu mkubwa ulipo, kwa maoni yangu, mkubwa kuliko hata wizi: kununua kipya na kukiacha cha zamani kife, au kimlipukie mwenyewe.

Ndugu zetu wa Afrika Kusini wametupa somo hili kwa gharama yao. Mwaka 1999 walitia saini mikataba ya silaha ya mabilioni ya randi: ndege za kivita aina ya Gripen (mwishowe zilifika 26), manowari za juu ya maji nne, nyambizi tatu. Machi 2013 askari wao 13 waliuawa Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na zile ndege hazikuwapo angani kuwasaidia. Septemba 2021 Gripen zote zikakaa chini karibu mwaka mzima kwa sababu hapakuwa na mkataba wa matengenezo. Januari 2025 Goma ilipokuwa inaanguka, askari wao wengine 14 wakafa mashariki ya Kongo. Uganda nayo, mwishoni mwa miaka ya 1990, ililipia helikopta za kivita za Mi-24 na zilizofika zikawa hazifai kuruka, mpaka ikabidi iundwe tume ya Jaji Julia Sebutinde kuchunguza. Fedha zilitoka, makaratasi yalionyesha nguvu, na askari aliyeko mbele hakupata chochote.

Tukirudi kwetu, bajeti ya wizara yenu sasa imevuka shilingi trilioni 3 kwa mwaka. Siombi ipunguzwe kwa panga, kila fungu asilimia fulani, kama anavyofanya mtu asiyejua anachokata. Mkikata hivyo mtaanza na posho ya koplo na mafuta ya doria, kwa kuwa ndiyo yaliyo rahisi kukatika. Naomba mkate kwa kisu cha daktari, mahali penye ugonjwa.

Mheshimiwa Waziri, anza na mawakala. Jeshi linaloweza kumchagua mpiganaji kati ya maelfu linaweza kuzungumza na kiwanda bila mtu wa kati. Kama sheria ya nchi ya muuzaji inalazimisha awepo, basi jina lake na malipo yake yawekwe kwenye mkataba na kamati ya Bunge iyaone kabla ya saini, siyo miaka sita baadaye kwenye gazeti la Waingereza. Halafu usikubali kusaini ununuzi wa chombo chochote bila karatasi ya maisha yake yote: spea za miaka ishirini, mafunzo ya mafundi wetu, mafuta, ghala, na siku ya kukistaafisha. Baba yangu angekuongezea moja: nunueni aina chache. Kila aina mpya ya gari ni stoo mpya ya spea na fundi mpya wa kusomeshwa, na siku ya vita ni lori jingine lililosimama katikati ya matope likisubiri nati ambayo hakuna kikosi jirani kilicho nayo.

Waheshimiwa wajumbe wa kamati, mna haki ya kuketi faragha na kuuliza. Itumieni. Mkiambiwa "hili ni la usalama", ulizeni ni usalama wa nani unaovunjika mbunge akijua bei, na msitoke chumbani hadi mjibiwe. Mdhibiti na Mkaguzi, Katiba imekupa hesabu zote za Serikali, na jeshi ni Serikali. Tunakuomba utuandikie sisi wananchi sehemu ya ulinzi kwa lugha ya kawaida: nini kilinunuliwa bila ushindani, nini kililipwa kikiwa hakijafika, nini kimefika kikakaa. Majina ya mitambo yaache kwenye taarifa ya siri. Kiasi cha fedha kiwe wazi.

Najua kuna maofisa ndani ya jeshi hilo wanaokerwa na mambo haya kuliko mimi, na hawana pa kusemea kwa sababu ya kiapo. Kwa niaba yao nauliza maswali manne, ambayo nitayasubiri Mei ijayo hotuba ya wizara itakapokuwa inasomwa Dodoma. Je, ni maghala mangapi ya risasi bado yamezungukwa na nyumba za watu, na la mwisho litahamishwa mwaka gani? Kati ya magari na vyombo tulivyonunua miaka kumi iliyopita, ni asilimia ngapi vinatembea leo? Kuna wakala yeyote aliyelipwa katika ununuzi wa mwaka huu, na kiasi gani? Na askari akijeruhiwa Ruvuma saa nane usiku, nini kinamtoa pale, na kinachukua saa ngapi kumfikisha kwa daktari?

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Dar es Salaam